Usukani Usio na Breki ya Pili

Kwa Mkurugenzi,
Chuo cha Udereva,
Ofisi ya Juu (mlango wenye zulia).

Kutoka kwa Mwalimu Mkuu wa Barabarani,
Ofisi ya Chini (mlango usiofungika).

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MICHEZO MIWILI YA MAGARI ULIYONIAGIZA NIILINGANISHE

Natumaini u mzima na kile kiti chako kipya bado kinazunguka vizuri. Mimi pia ni mzima, ingawa si kwa msaada wa ofisi yako.

Jumatatu ulinikabidhi barua yenye mhuri, kana kwamba hatujuani, kana kwamba si mimi baba yako mdogo niliyekufundisha kuendesha wakati ukisimamisha gari kila ukiona kuku. Katika barua hiyo uliniagiza niende kwenye ile iliyokuwa stoo ya matairi, nijaribu michezo miwili ya mashindano ya magari iliyofungwa kwenye kompyuta yenye usukani na pedali, nilinganishe jinsi magari yake yanavyotii usukani, kisha kufikia Ijumaa nikuandikie upi ununuliwe. Ukaongeza chini, kwa herufi ndogo ambazo nilizisoma kwa miwani ya karani, kwamba mchezo ukishanunuliwa wanafunzi wapya watajifunzia humo, na lile gari la mafunzo lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, litauzwa.

Yaani gari langu. Yaani kiti changu cha pembeni, nilichokikalia miaka kumi na tisa mpaka sponji imechukua umbo langu. Kwa hiyo sitaumauma maneno: ulitaka ripoti, unapata malalamiko.

Kwenye kikao ulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni nimemwona. Kupona bado.

Kwa kuwa majina ya michezo hiyo yameandikwa kwa herufi zinazowaka moto, ambazo macho yangu yamekataa kuzisoma, mchezo wa kwanza nimeuita Sabuni na wa pili nimeuita Punda. Sababu zinafuata, pamoja na malalamiko yangu, kwa namba, kama ulivyotufundisha kwenye ile semina ya uongozi uliyotulazimisha kuhudhuria.

1. Stoo ina kiti kimoja tu. Fundi wa kompyuta aliponikaribisha alinionyesha kiti kilicho mbele ya usukani. Nikamuuliza cha mwalimu kiko wapi. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa funguo alizozipoteza yeye mwenyewe. Ikabidi nichukue ndoo tupu ya rangi, niigeuze, niikalie pembeni, halafu nimwite karani aje ashike usukani mimi nikimtazama. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Eti mzee, usukani unajaribiwa kwa mikono. Nyani haoni kundule: yeye mwenyewe anakuja kazini kwa miguu, wakati mimi naletwa kwa gari na kurudishwa kwa gari kila siku ya Mungu.

Siku tatu nimefanya uchunguzi nikiwa juu ya ndoo, na natetea utaratibu huo mbele ya kamati yoyote. Daktari hahitaji kuugua ndipo atibu.

2. Sabuni. Huu ni mchezo wa kitoto uliovaa suti. Karani akigusa usukani kidogo tu, gari limeshafika kona inayofuata. Robo ya mzunguko na magurudumu yamekata hadi mwisho, wakati gari la watu wenye akili huzungushwa mpaka mikono ipishane. Usukani wenyewe ni mwepesi kama mfuniko wa sufuria. Ukiuachia haurudi katikati, unabaki ulipo na kukutazama. Lami, changarawe, nyasi, vyote kwake ni sawa, mikono haiambiwi chochote. Siku ya kwanza karani aliingia kona kwa mwendo ambao barabarani ungetufikisha kwa Muumba kabla ya chakula cha mchana. Mkia wa gari ukaruka upande, matairi yakalia, na wakati mimi nakanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote, mashine ikampa pointi.

Pointi, kwa kuteleza. Kumbe miaka yote hii nimewapigia watu kelele kwa kosa lenye zawadi.

3. Ajali za Sabuni ni matusi kwa ajali. Gari likigonga ukuta linafifia, kisha linarudi barabarani limeoshwa. Hakuna boneti iliyokunjamana, hakuna askari wala mwenye ukuta. Mfikirie yule fundi cherehani, mwanafunzi wangu wa mwezi wa nne sasa. Wiki yake ya pili aligonga pipa la taka nje ya shule, na mpaka leo akipita pale anapunguza mwendo na kuliomba radhi kwa sauti. Hiyo ndiyo elimu ya udereva. Mwanamke huyo ukimpeleka kwenye Sabuni, baada ya juma moja atarudi barabarani akitafuta mapipa.

4. Punda. Huu, fundi alinieleza kwa heshima kama anayetaja jina la mkwewe, ndio unaofanana na gari la kweli. Ndani ya usukani wake kuna mota inayosukuma mikono. Wewe ukitaka kulia, wenyewe unataka katikati. Unazungusha, nao unakataa, unazungusha tena, jasho linakutoka umekaa mahali pamoja. Asante ya punda ni mateke, na karani aliyapata. Jumatano aliondoka akijishika bega, na Alhamisi akatuma ujumbe kwamba hawezi hata kuchana nywele.

Basi Alhamisi asubuhi, pasipo karani, nililazimishwa kuukalia usukani mimi mwenyewe. Ijulikane kwamba hali haikuwa ya haki. Kiti kilikuwa cha kimo cha karani. Pedali zote tatu zilikuwa za dereva, hakuna hata moja ya mwalimu. Gari liliposhika kasi, mguu wangu wa kulia ulikwenda wenyewe mahali breki yangu ya mwalimu inapokaa siku zote, ukakuta kapu la taka, ukalikanyaga. Kapu halikusimamisha gari. Narudia ili iandikwe kwenye kumbukumbu za chuo: mchezo unaojidai kuwa wa kweli haujui kwamba duniani kuna breki ya pili.

5. Ukuta mweupe. Katika Punda kuna kona ya kushoto baada ya daraja, na mwisho wake kuna ukuta mweupe. Ukikanyaga breki usukani ukiwa umeshaukata, gari halikusikilizi, linakwenda mbele moja kwa moja kama mgeni aliyenusa chakula. Inatakiwa upunguze mwendo kabla ya kona, uzito uhamie mbele, matairi ya mbele yang'ate lami, ndipo ukate. Jambo hili nimelifundisha kwa vizazi viwili. Nalijua kama jina langu.

Niligonga ukuta mweupe mara kumi na nne. Hesabu hiyo peke yake yatosha kuthibitisha kwamba mchezo una hitilafu. Fundi alithubutu kunishauri nipunguze mwendo kabla ya kona. Yeye, kuniambia mimi!

Kisha, bila kuombwa, mashine ikaleta mvua. Nikiwa kwenye daraja, usukani uliokuwa ukinipiga ngumi tangu asubuhi ukawa mwepesi ghafla mikononi, vile vile hasa gari linavyofanya matairi yanapoachana na lami iliyoloa. Niliuachia nikasimama. Fundi akauliza kama naumwa. Nikamwambia kiti kina msumari. Ndugu Mkurugenzi, mashine ya dukani haina haki ya kujua jambo kama hilo. Nimekasirika na sitaki kuficha.

6. Fedheha. Leo Ijumaa karani amerudi na bega lake zima, amekaa kwenye Punda huku akitafuna karanga, na amezunguka uwanja wote, mvua na daraja na ukuta mweupe, bila kugusa kitu. Jina lake sasa linawaka juu kabisa ya skrini. Langu liko chini kabisa, na si jina hata: kwa kuwa sikujua pa kuliandika, mashine imeniandika MGENI. Mimi! Wanafunzi wanaoniita Mzee Breki tangu enzi za marehemu baba yako wanapita mlangoni, wanasoma, wanaendelea na safari wakiwa wameziba midomo. Na karani huyo hana hata leseni.

7. Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu michezo yote miwili irudishwe ilikotoka. Ikishindikana, waundaji waagizwe kuongeza kiti cha mwalimu, breki ya pili, na mwanafunzi anayelia. Atakayegonga ukuta, mashine ijifunge wiki mbili na aandike barua ya kuuomba ukuta msamaha. Ukuta mweupe wenyewe ubomolewe. Mvua ipigwe marufuku, kwenye mchezo kwanza, na kama ofisi yako ina uwezo, kwenye barabara zote zinazotumiwa na chuo. Pointi za karani zihamishiwe kwa mwalimu aliyekuwa kwenye ndoo wakati akijifunza, kwa kuwa maarifa hayakumwangukia kutoka darini. Karani azuiwe kukaribia usukani wowote, na kwa usalama zaidi azuiwe pia kugusa gurudumu la cherehani la mwanafunzi wangu.

Na gari la breki mbili lisiuzwe. Katika maombi yote, hili ndilo ninaloliombea kwa dhati, mengine ni hasira. Mtu hajifunzi kuendesha kwa sababu ya usukani, uwe mwepesi au mzito. Anajifunza kwa sababu pembeni yake kuna mtu ambaye mguu wake uko tayari. Mwondoe mtu huyo, umebaki na karani anayetafuna karanga.

Nisalimie mkeo, wajukuu zangu, mlinzi wa geti, na hata fundi wa kompyuta ukimwona, ingawa usimwambie kuwa salamu zimetoka kwangu. Mama yako mdogo anakusalimu. Yuko nje ndani ya gari, amekuja kunichukua kama kila jioni, kwa maana mtu aliyefundisha kutwa hapaswi kushika usukani tena. Hiyo ni kanuni ya afya. Leo amechelewa kidogo, alipitia kliniki.

Ni mimi, mguu wangu ukiwa mahali pake,

Mwalimu Mkuu wa Barabarani
(Mzee Breki)

NYONGEZA

Ijumaa nilipopanda ngazi kukuletea barua hii, nilikuta mlango wako umefungwa. Nilikuwa nimeshaibandika gundi. Leo Jumatatu nimeifungua kwa kisu, ndiyo maana bahasha ina jeraha.

Mwanangu, ile kliniki ilikuwa ya macho. Daktari amemwambia mama yako mdogo kwamba kuanzia mwezi ujao asiendeshe tena. Aliniambia tukirudi nyumbani, yeye akiwa kwenye usukani, mimi pembeni, na wala hakulalamika. Alisema tu, basi zamu yako imefika. Nikaitikia kana kwamba ni jambo dogo.

Leseni yangu naihuisha kila inapotakiwa. Mikono ndiyo iliyokwisha muda. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya mvua, usukani uliniwia mwepesi ghafla, gari likazunguka na kuingia mtaroni, baba yako akiwa kiti cha pembeni. Hakuna aliyeumia. Kesho yake akanipa kiti hicho, akasema chuo kinahitaji mwalimu mwangalifu, na mpaka tunamzika hakumwambia mtu. Tangu siku ile sijaendesha gari hata la kulitoa uani. Niliogopa. Naogopa mpaka leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami mashine yako imeniumbua kabla ya kifo, nadhani niishukuru.

Nunua Punda. Sabuni warudishie wenyewe, ila Punda nunua, usukani wake unasema kweli. Mvua usiiondoe. Asubuhi hii kabla fundi hajafika niliingia stoo nikagonga ukuta mweupe mara tisa, hapakuwa na mtu wa kucheka, wala wa kuumia. Mara ya kumi nikapita. Niandike wa kwanza kwenye orodha ya wanafunzi wapya, na karani, akikubali, awe mwalimu wangu. Ndoo iko pale pale.

Gari usiliuze kwanza. Jumamosi asubuhi nitakaa kiti cha dereva, na cha pembeni kitakuwa wazi. Njoo ukikalie wewe. Sponji imekaa vibaya, utazoea. Weka mguu juu ya breki, na tafadhali, mwanangu, usinipigie kelele.