Naibu Waziri Ajiuzulu kwa Adabu

Alhamisi, 19 Januari

Iandikwe katika kumbukumbu za taifa: leo saa tatu asubuhi, juu ya meza yangu, imesimikwa bendera ndogo. Nguzo ya shaba, kitako cha mbao. Bendera za mezani ni za mawaziri, najua. Mimi ni Naibu Waziri wa Mizani na Vipimo. Lakini mwaka huu Baraza litabadilishwa, La Paz nzima inasema hivyo, na bosi wangu, Waziri Saucedo, ana uso wa mtu anayefunga virago.

Saucedo alipita, akaichungulia bendera. Akauliza kama siku hizi napokea mabalozi.

Nilicheka kwa heshima. Acha acheke sasa.

Ijumaa, 20 Januari

Desturi yetu ya Januari imeanza. Kila waziri anampelekea Rais barua ya kujiuzulu. Ni adabu tu, kama kumwambia mwenyeji kwamba umeshiba. Rais anawarudishia barua zao anaotaka kubaki nao, wachache anawaacha waende.

Nimewaza sana wakati wa salteña ya saa nne, ile sambusa yetu ya mchuzi (mchuzi umenidondokea kwenye tai). Rais akiwa na barua hizo mezani, anafikiria majina gani? Yaliyo mezani. Langu halipo! Miaka kumi na moja ya utumishi, halafu mtu asikumbukwe kwa sababu tu hakujiuzulu?

Nimeandika yangu. Nimesema naweka cheo changu mikononi mwake, bila masharti, kwa faida ya taifa. Imekuwa nzuri mno. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti.

Bi Primitiva, katibu muhtasi, aliipiga chapa bila kupepesa macho. Kisha akauliza nani ameiomba. Nikamwambia mtu wa hadhi hangoji kuombwa.

“Sawa, Daktari,” akasema. (Mimi si daktari. Hapa kila mwenye tai ni daktari.) “Mlango wa kutokea hauna foleni.”

Mwanamke mwenye bidii, lakini siasa haijui.

Jumapili, 22 Januari

Hotuba ya Rais ya sikukuu ya taifa, uwanjani mbele ya Bunge. Ndefu, kama inavyostahili. Nilijipenyeza mpaka safu ya pili, nyuma ya Waziri wa Madini, ambaye ni mfupi. Katikati ya hotuba Rais alinitazama. Au alitazama saa ya Bunge iliyo juu ya kichwa changu, ile ambayo mishale yake inakwenda kinyume. Lakini kwa nini atazame saa? Alikuwa anazungumza yeye.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Casilda, kuhusu barua. Aliweka kijiko chini.

“Baba Rufina, umeacha kazi?”

Nikamwambia sijaacha, nimejiuzulu kwa adabu.

“Na huyo Rais anajua kwamba ni adabu?”

Nikaomba chai ya majani ya koka.

Jumanne, 24 Januari

Alasitas, sikukuu ya vitu vidogo. Ofisi zote tupu. Saa sita kamili unanunua kitu kidogo, kinafukizwa ubani na maua, na mwaka huu utakipata kikubwa. Nimenunua gari jeusi, dogo kama kiberiti. Mganga alilimwagia pombe mpaka rangi ya mlango ikatoka. Waziri wa Madini alikuwa hapo na ndege ya plastiki. Tuliinamiana vichwa. Watu wazito.

Bi Primitiva akanipa zawadi, na kila mtu anajua kwamba kitu cha kupewa kina nguvu kuliko cha kununua. Nikafungua. Mkataba wa ajira, mdogo kama stempu, una mihuri yote.

Nikamwambia mimi nina kazi.

“Pokea tu, Daktari. Hauozi.”

Nimeutia mfukoni nisimvunje moyo.

Jumatano, 25 Januari

Rais ametoa uamuzi. Amewarudishia mawaziri wote barua zao. Wote. Hata wa Madini. Hata Saucedo!

Saucedo akaja ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa. Alisema barua yangu ilisomwa mbele ya Baraza zima, kwa sauti. Nikauliza Rais alisema nini.

“Sikiliza, ndugu yangu. Alisema, hatimaye mmoja anayemaanisha.”

Akanifafanulia kwa upole, na upole wa Saucedo unauma kuliko matusi yake. Barua za mawaziri hukataliwa kwa sababu ipo desturi ya kuzikataa. Ya naibu waziri haijawahi kuonekana. Haina desturi. Kwa hiyo ilikubaliwa.

Dereva alishaondoka na gari la wizara. Nilirudi nyumbani, El Alto, kwa gari la kamba linaloning'inia angani, boksi mapajani, mvua ya mawe ikigonga kioo. Bendera imebaki. Saucedo amesema inapendeza karibu na dirisha lake.

Casilda alinitolea mkataba mdogo mfukoni mwa koti, akauegemeza kwenye kopo la sukari, mahali ninapouona.

Alhamisi, 26 Januari

Nimelala, nimeamka, nimeelewa. Jambo liko wazi. Mtu hawezi kupandishwa akiwa bado ameshikilia cha chini. Rais ameniondoa kwenye unaibu ili mikono yangu iwe mitupu. Hatimaye mmoja anayemaanisha: hayo si maneno ya kumwambia mtu unayemfukuza.

Nimevaa suti ya kuapishwa. Doa la tai halionekani nikifunga kifungo cha juu. Nimeandika rasimu ya barua ya mwakani. Nitaipeleka mapema zaidi, Desemba, kabla mawaziri hawajajazana mezani. Nimemkataza Casilda kugusa simu, maana Ikulu ikipiga na kukuta laini ina mtu, itampigia mwingine. Tangu asubuhi nimekaa pembeni ya simu, mgongo wima.

Saa kumi Casilda akanyanyua mkono wa simu bila ruhusa, ampigie dada yake anayetafuta msaidizi dukani. Akasikiliza. Akanisogezea sikioni.

Simu ni ya wizara. Imekatwa tangu jana.