Mkaguzi Haitikii Wito

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amenipima, akakunja kile kifaa chake cha masikioni polepole mno. Moyo umechoka, anasema. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akanishauri niweke mambo yangu sawa. Mtu aliyesimamia shule miaka thelathini na minne hahitaji kuambiwa mara mbili. Nimechukua daftari jipya na kalamu nyekundu. Nitaungama kila kitu, kwa mpangilio.

Dhambi ya kwanza. Kila siku saa kumi jioni nacheza drafti kwa jirani yangu, Fundi Saa. Tulianza mwaka ule mke wangu alipofariki, sasa ni miaka kumi na mmoja. Katikati ya kila mchezo Fundi huinuka kwenda jikoni kuchemsha chai. Akiwa jikoni, mimi husogeza kete. Moja tu. Mara chache mbili. Nimemshinda karibu kila siku, na nimemcheka kila siku. Nitamwambia kabla sijafa. Si leo.

Dhambi ya pili

Nimekatizwa. Mkaguzi ametoka na kiatu changu hadi barabarani. Mkaguzi ni mtoto wa mbwa ambaye binti yangu aliniletea mwezi uliopita ili nisikae peke yangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu hufungua kila kabati bila taarifa. Nikamfuata na fimbo yangu, nikiita. Hakugeuka hata sikio. Lori la mchanga likafunga breki hatua mbili kutoka kwangu. Dereva akaniuliza, mzee, umechoka kuishi? Nikamjibu kwamba suala hilo liko mikononi mwa daktari.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi na sauti yake ikishuka ndiyo hatari, aliona yote akiwa getini. Ametoa hukumu. Jumamosi asubuhi, Mkaguzi akiitwa na asije, anachukuliwa na mwenzake wa wodini mwenye uwanja mkubwa. Nikasema sawa, tena nitapumzika na kelele. Siku tano. Sijawahi kumwita mwanafunzi mara mbili. Tutaonana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mbinu ya kwanza: mamlaka. Nilisimama barazani, nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti ya gwaride la asubuhi. Loo! Bado ninayo! Mama muuza mboga wa ng'ambo alikuja mbio akiuliza kuna moto wapi. Tarishi alisimama wima. Mwanamume mwenye mvi alishuka baiskeli, akavua kofia, akaniambia shikamoo mwalimu, ile kazi ya jiografia aliiacha nyumbani. Walikuja wote. Isipokuwa mbwa.

Wito wa kumi ndipo alipokuja, mkia ukizunguka kama pangaboi. Nikafanya ambalo kila mtaalamu angelifanya. Nikamshika sikio, nikampa hotuba kamili kuhusu uchelewaji, nikamfungia stoo robo saa atafakari.

Nilipomwita tena alikwenda chini ya tangi la maji, akabaki huko mpaka chakula cha mchana. Shukrani hana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimebadili mbinu. Nilimwita kwa upole, akaja. Nikampa dawa ya minyoo. Nikamwita, akaja. Nikamwogesha. Nikamwita, akaja, ingawa kwa kunusanusa. Nikamkata kucha. Ufanisi mkubwa! Mara ya nne alinitazama vile Darasa la Tatu lilivyokuwa likinitazama nikiingia na daftari za mtihani, kisha akarudi chini ya tangi.

Fundi Saa alikuwa amening'iniza kidevu ukutani, anatazama kama sinema. Akaniuliza: Mwalimu, hebu nieleze, mtu ukimwita wewe anapata nini? Nikamjibu kwamba anapata heshima ya kuitwa na mimi. Akacheka mpaka meno yakayumba. Ni meno mapya, ya kuvaa, yanambana, huyavua kila akipata nafasi. Akapiga mluzi mmoja. Mkaguzi akapita kwenye tundu la ukuta kama risasi. Fundi akamkuna tumbo, akampa ganda la mkate, akamwacha aende zake. Hakumkaripia hata neno! Hajui malezi kabisa.

Mchana niliweka maini ya kuchemsha kwenye mfuko wa sweta, nikakaa kitini kuvizia. Usingizi ukanipitia. Nimeamka mfuko haupo. Kwa hiyo alikuja. Lakini kwa kuwa sikumwita, haihesabiki.

Saa kumi nilimfunga Fundi michezo mitatu. Chai yake leo ilichukua muda mrefu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kamba. Sielewi kwa nini sikuanza na kamba. Ncha moja shingoni kwa Mkaguzi, ncha nyingine kwenye fimbo yangu. Naita, navuta, mbwa anafika. Sayansi.

Ila kamba niliyoipata ndiyo ile ya kuanikia nguo, na nguo zilikuwa juu yake.

Kwa ufupi. Mkaguzi alizunguka kiti changu mara sita kumfukuza kuku wa jirani. Binti yangu aliporudi kutoka zamu alinikuta nimefungwa kuanzia magoti hadi kifua, sare zake tatu nyeupe zikiwa matopeni, na mbwa amelala juu ya sare ya nne. Akaniuliza kwa sauti ya chini nini hiki, Baba. Nikasema mazoezi ya viungo. Akasema daktari hakuagiza mazoezi. Nikasema nimejiagizia. Alipokuwa akinifungua nilimsikia akihesabu pumzi zake. Kisha akanikumbusha: Jumamosi. Kama vile nimesahau.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Imebaki siku moja. Sasa ni njama.

Nimekwenda kwa Fundi asubuhi, jambo ambalo silifanyi. Nikamsifu sana. Nikamwambia amekuwa kijana siku hizi, meno yanamkaa vizuri. Akaniambia, Mwalimu, sema shida yako, sifa zako zinanitia homa. Nikasema. Kesho atajificha nyuma ya tangi la maji. Mimi nitasimama pale pale mbele ya tangi, niite. Yeye atapiga mluzi. Mkaguzi atakimbilia mluzi, na binti yangu ataona amenikimbilia mimi. Akakubali hapo hapo, wala hakuniwekea sharti. Nilikuwa nimejiandaa kuungama ile habari ya kete endapo angekataa. Bahati nzuri haikulazimu.

Tumefanya majaribio mara mbili. Safi kabisa!

Jioni kifua kilibana kidogo. Nimekunywa kidonge, nimekaa. Nimewaza. Kufa si neno, kila mtu atafika. Shida ni asubuhi. Binti yangu anatoka alfajiri, na saa kumi jioni iko mbali. Tangu mama yake aondoke hakuna kiumbe katika nyumba hii anayefurahi kuniona nimefumbua macho. Huyu mdogo hupanda kitandani na kunikanyaga uso mzima, kana kwamba nimerudi kutoka safari ya mbali. Kila siku. Mimi, na sura hii.

Upuuzi. Mistari hiyo ifutwe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mwenzake binti yangu alifika saa tatu, mama mnene mwenye uso mwema, ameshika kapu lililotandikwa kanga. Kapu lilikuwa laini. Hilo ndilo lililonikata maini.

Nikasimama mbele ya tangi. Binti yangu akamshika Mkaguzi getini, akamwachia, akasema haya Baba, mwite.

Nikaita. Nikasubiri mluzi.

Nyuma ya tangi ikatoka pumzi. Fyuu. Hewa tupu, kama tairi la baiskeli. Fyuu! Meno! Ameyaacha kwenye glasi jikoni kwake! Nilimsikia akinong'ona, Mwalimu, samahani, yalikuwa yananibana. Binti yangu akauliza tangi linavuja? Nikasema linavuja. Nikaita tena, sauti ya gwaride. Mama muuza mboga akaja. Mkaguzi akanitazama, akakumbuka stoo, akakumbuka sabuni, akakumbuka kucha. Akageuka. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kapu, akaingia, akajikunja.

Basi. Nilikaa kwenye ngazi, ngazi ikawa finyu, nikateleza hadi chini, nikabaki nimekaa mavumbini kama mtoto. Binti yangu akaanza kuja mbio, nikamwashiria kwa mkono kwamba niko salama. Sikuwa na sauti ya kuita tena. Sikuwa na la kuamuru. Nikasema tu, polepole, kwa sababu mtu hupaswa kuaga: haya, Mkaguzi, nenda salama, mwanangu.

Sikio moja likainuka kapuni. Kisha la pili. Akatoka. Akavuka uwanja wote bila haraka, akapanda mapajani kwangu, akanilamba kidevu, akalala.

Binti yangu alitazama mawingu kwa muda mrefu kuliko mawingu yalivyostahili. Mwenzake akasema kapu lenyewe alilihitaji kwa viazi. Mama muuza mboga akapiga kigelegele bila kujua cha nini. Ndipo Fundi Saa akachomoza nyuma ya tangi, kinywa kitupu, akipiga makofi. Binti yangu akamtazama, akanitazama mimi, akasema ataliuliza tangi maswali yake baadaye. Lakini jina limetajwa na mbwa amekuja. Anabaki.

Anabaki! Nimelifikiri jambo hili kwa kina na nimepata maelezo. Ni ile hotuba ya Jumanne. Nidhamu huchelewa kuingia, lakini ikiingia imeingia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kwa kuwa nimefanyiwa wema, nimeona niungame. Saa kumi, kabla ya kupanga kete, nikamweleza Fundi yote. Miaka kumi na mmoja. Nikainamisha kichwa, nikangoja.

Alicheka mpaka meno yakaangukia kwenye ubao, yakala kete mbili. Akasema anajua tangu mwaka wa kwanza. Akasema chai ya jioni haipendi, inamnyima usingizi, hunywa kwa ajili yangu. Huwa anasimama jikoni akihesabu mpaka ishirini, kunipa nafasi. Siku hizi huhesabu mpaka arobaini, kwa kuwa mkono wangu umekuwa mzito.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema wiki ile ya kwanza, baada ya msiba, alinishinda siku mbili mfululizo, nami nikakaa siku tisa sijatia mguu kwake, nimejifungia ndani, madirisha nimeyafunga. Aliogopa. Siku ya kumi akaja kunivuta mkono, akaniachia nishinde. Kesho yake nilifika kabla ya saa ya ukutani kugonga. Tangu hapo, Mwalimu, hujakosa hata siku moja, alisema, na akaniwekea kipande cha mkate.

Udanganyifu! Miaka kumi na mmoja! Mtu mzima! Nimekula mkate, nimeinuka, nimemwambia sitakanyaga tena hapa maisha yangu yote, ambayo kwa maelezo ya daktari si mengi. Ungamo langu limefungwa. Mkosaji ni yeye.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeamka nimekanyagwa uso. Vizuri.

Nilimwita Mkaguzi mara moja tu, kwa upole, akaja mbio. Mafanikio! Ila miguu ilikuwa na tope, kwa hiyo nikamshika sikio nikampa hotuba kuhusu usafi, ndefu kidogo. Nilipomwita mara ya pili akaenda chini ya tangi. Ajabu. Lazima ni joto.

Nimekaa siku nzima na msimamo wangu. Siendi kwa mtu mwenye hila.

Saa kumi kasoro dakika tano, mluzi ukasikika ng'ambo ya ukuta. Leo amevaa meno. Mkaguzi akatoka chini ya tangi kama risasi. Mnyama ni mnyama, akisikia mluzi hana hiari. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu kwa sababu zangu binafsi, na ilibidi mtu mwenye akili amfuate mbwa.

Fundi alikuwa ameshapanga kete. Hatukuzungumzia ya jana. Tulicheza kama watu wazima, kwa uwazi. Katikati ya mchezo akajinyoosha, akasema ngoja nikachemshe chai.

Nikasogeza kete. Moja tu.