Swali Moja kwa Ajira Nzima

Ifahamike kwa wote kwamba kuanzia Jumatatu ile, kiwanda cha sare kilipata Dawati la Maswali ya Haki za Wafanyakazi. Mguu wake mmoja ulikalia tofali, lakini lilikuwa na muhuri. Penye wazee haliharibiki neno. Penye muhuri halianzi kabisa.

Mkuu wa Dawati, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Muhuri, aliamuru cherehani zizimwe kwa dakika nne, akasoma kanuni aliyoitunga mwenyewe. Kila mfanyakazi ana swali moja. Si kwa mwezi. Kwa ajira nzima.

"Haki ni kama ukucha," alifafanua. "Ukiitafuna kila siku, itaisha."

"Na likizo je?" sauti ikatoka nyuma.

"Hilo ndilo swali lako?"

"La hasha, bosi. Nimepiga chafya."

Miezi sita ikapita. Watu walitunza maswali yao kama kiberiti wakati wa mvua. Kila mwisho wa mwezi Muhuri aliandika ripoti: maswali, sifuri, kuridhika, asilimia mia. Mkurugenzi akamtunuku kiti kinachozunguka, naye akawa anazunguka.

Ndipo akaja Mama Vifungo, mshonaji wa vifungo, tumbo la miezi minane likitangulia. Msimamizi wake alikuwa amemwambia, "Ukienda kujifungua, usirudi." Swali lake alikuwa amelikariri tangu chumba cha pasi hadi mlangoni.

"Hodi. Naweza kukaa, kaka?"

"Kaa, dada." Muhuri akafungua daftari, akaandika, akagonga. "Swali: kukaa. Jibu: ndiyo. Ahsante kwa kulitumia Dawati."

"Wee! Hilo si swali langu! Nataka kujua kama naweza kufukuzwa kwa kuzaa!"

"Hilo ni la pili, dada. Labda ungeajiriwa mara mbili."

"Na huyu tumboni nimwambie asubiri?"

"La tatu hilo."

Mama Vifungo akatoka analia. Muhuri akazunguka kidogo. Kanuni ilikuwa inafanya kazi.

Kesho yake asubuhi cherehani zilikuwa kimya kama msiba. Foleni ilianzia dawatini ikatokea langoni. Mbele kabisa alisimama mpiga pasi, mzee aliyekuwepo kiwandani kabla ya paa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta swali langu. Nimelitunza vizuri, halina hata mkunjo. Mama Vifungo anaweza kufukuzwa kwa kwenda kujifungua?"

Muhuri akaandika kwamba linashughulikiwa. Akaja fundi wa mikono ya mashati. Swali lilelile. Akaja mkata vitambaa. Lilelile.

"Jamani, hilo limeshaulizwa!"

"Nimeuliza mimi," mzee akamjibu kwa upole. "Huyu ana lake. Kanuni yako, mwanangu, usiikimbie."

Walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Kufikia saa nne, hakuna kifungo kilichoona shati. Mkurugenzi akashuka ngazi ambazo hakuwahi kuzishuka ila kwenda kwenye gari lake, akatazama foleni, akatazama cherehani, akanyakua kalamu na karatasi. Akaandika kwa mkono wake: *Hafukuzwi. Aende, ajifungue, arudi kwenye kiti chake.* Akaugonga muhuri mpaka tofali likahama. Mzee akaisoma barua kwa sauti mara mbili, akaikunja, Mama Vifungo akaitia kifuani. Cherehani zikaanza kuimba.

Mchana Muhuri akaitwa ghorofani, aje na daftari na muhuri. Maswali kutoka sifuri hadi mia mbili na kumi na mawili kwa siku moja: ofisi iliyaita uchochezi.

Muhuri alijua kinachomngoja. Lakini naye alikuwa mfanyakazi, na swali lake hakuwahi kuligusa: je, mtu anaweza kufukuzwa bila notisi, bila hata kusikilizwa? Kwenye ngazi alijiapiza kutolipoteza. Hakupiga hodi. Hakuomba kukaa. Hakuuliza hata hali. Aliingia, akaweka daftari na muhuri mezani, akasimama wima.

"Umeachishwa kazi, kuanzia sasa hivi," alisema Mkurugenzi, akimsogezea barua. "Saini."

Swali lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Akachukua kalamu. Barua ilikuwa na mistari miwili mitupu.

"Nisaini wapi?"

"Hapo chini," alisema Mkurugenzi, akalifungua daftari, akauvuta muhuri.