Kikao cha Dharura Chini ya Ubao wa Treni

Kwa niaba ya Baraza la Mji wa Elderkamp, jimbo la Wisconsin, nina furaha kuutangazia umma kwamba ziara ya kirafiki katika mji-dada wetu wa Wallersbruck, Ujerumani, imekamilika kwa mafanikio makubwa. Wasafiri wote walifika. Mmoja alifika siku yenyewe.

Mimi ni Bernadine Tollefson, Karani wa Mji, na nimelazimika kuandika haya kwa sababu maneno yamezidi. Kwenye mnada wa jibini wanasema tulipotea. Hatukupotea. Tulikuwa kwenye utaratibu, na anayeona hayo ni mambo mawili yanayofanana aje ofisini nimweleweshe.

Wenzetu wa Wallersbruck wamejenga daraja jipya la waenda kwa miguu. Walituandikia kwamba litapewa jina la mgeni wa kwanza kutoka Elderkamp atakayelivuka, Jumamosi saa kumi alasiri, na bendi ikipiga. Meya wetu, Mheshimiwa Duane Halvorsen, aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Uchaguzi ni mwezi wa nne. Kabla hatujafunga hata sanduku, alikuwa ameshaagiza fulana zenye picha ya daraja na jina lake mwenyewe kwa chini.

Waliosafiri ni yeye, madiwani wawili, Bi Marlys Ostrowski na Bwana Gordy Pfeiffer, na mimi. Alikuwepo pia Mama Arlene Kubiak, mama mkwe wa Meya, aliyejilipia nauli na kubeba jibini la zawadi, zima na la duara kama gurudumu, mapajani. Mama Arlene hakuwa na kura. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Kila mkazi wa Elderkamp anaijua sheria ya vikao vya wazi. Wajumbe watatu wa baraza wakikutana na kuzungumza shughuli za mji, hicho ni kikao, na kikao bila tangazo kubandikwa mlangoni ni kosa. Kwa hiyo ndani ya ndege Meya alikaa mbele, Bi Ostrowski katikati, Bwana Pfeiffer mkiani, nami nikasimama karibu na choo safari nzima kuhakikisha hawakutani watatu kwenye foleni. Sikufumba jicho, na sijutii.

Tulitua Frankfurt Jumamosi asubuhi, macho mekundu, miguu imevimba. Stesheni ya treni iko pale pale uwanjani. Tukasimama chini ya ubao mkubwa, Meya akanyoosha kidole juu.

"Mimi naona tupitie..."

"Mheshimiwa!" nilimkatiza. "Mko watatu."

Alishusha kidole. Njia ya kwenda Wallersbruck ni shughuli ya mji, hilo halina ubishi. Bahati nzuri sheria inaruhusu tangazo la saa mbili tu kabla ya kikao, badala ya siku nzima, pale penye dharura. Nilimpigia simu mume wangu Leland, nikamtoa kitandani, akaenda kulibandika kwenye mlango wa ofisi ya mji akiwa na nguo za kulalia na buti za kuwindia. Kisha tukakaa juu ya masanduku, tukangoja, tumenyamaza kabisa.

Mama Arlene alivumilia kidogo tu.

"Bernadine, hebu niambie. Tunangoja nini?"

"Tunangoja wakazi walisome tangazo, Mama."

"Wakazi gani? Kwetu saa hizi hata mbwa wamelala."

"Wana haki ya kulisoma."

"Na mimi nina haki ya kulala kitandani. Magoti yangu yamekuwa kama maboga." Alimgeukia mkwewe. "Duane, mwanangu, treni si hizi hapa zinapita?"

Meya alinitazama mimi, nikatikisa kichwa, naye akautazama ukuta. Nilijivunia sana siku ile kuwa na kiongozi wa namna hiyo.

Saa mbili zilipotimia nilifungua kikao. Akidi ilikuwepo, ingawa Bi Ostrowski alikuwa akisinzia; akidi inayosinzia bado ni akidi. Meya alitoa hoja kwamba tupitie Munich, kwa sababu alitaka apigwe picha pale akila soseji, picha ya kampeni. Hakuna aliyemuunga mkono. Bi Ostrowski aliamka na kutoa hoja kwamba tufuate mto Rhine hadi Cologne tukaone makasri.

"Lakini Cologne iko upande wa pili kabisa, dada," alisema Bwana Pfeiffer.

"Kwani nimesema iko upande gani? Nimesema kuna makasri."

Naye hakupata wa kumuunga mkono. Hapo Bwana Pfeiffer akasema kuna treni inayopitia Nuremberg moja kwa moja hadi Passau, bila kubadilisha, na kutoka Passau hadi Wallersbruck ni mwendo wa teksi tu. Ilikuwa hoja nzuri. Tatizo lake lilikuwa Bwana Pfeiffer. Mwaka juzi alipigia kura zabuni ya shemeji yake ya kuzoa theluji, na Meya akatunga kanuni kwamba mwenye jambo la ndugu yake mezani atoke kwenye kiti, asipige kura wala kuchangia. Wawili hawa tangu hapo hawasalimiani ila kwa maandishi. Hoja ikafa.

Baraza likaunda kamati ndogo kuchunguza njia zote tatu. Wajumbe wa kamati walikuwa Meya, Bi Ostrowski na Bwana Pfeiffer. Kamati ilirudi na taarifa kwamba haikuelewana, baraza likaishukuru kwa kazi ngumu.

Kisha tukafika kipengele cha maoni ya raia, dakika tatu kwa kila mtu. Niliuliza kwa sauti kama yupo mwenye maoni. Mama mmoja mwenye koti la kijani, Mjerumani, alikuwa amesimama karibu akitushangaa muda mrefu.

"Samahani, nyinyi mnakwenda Passau?" aliuliza.

"Taja jina lako kwanza na mtaa unaoishi," nilimwambia.

"Mtaa wa nini tena? Jamani, mimi nakwenda Passau. Treni ni ile pale. Ndiyo ya mwisho itakayowafikisha kabla ya saa kumi. Inaondoka sasa hivi!"

"Una dakika mbili na nusu zimebaki."

"Mimi ninazo. Treni haina!"

Meya alimshukuru kwa moyo wake wa kizalendo, ingawa taifa lake ni lingine. Niliandika kwenye muhtasari kwamba maoni ya raia yamepokelewa kwa shukrani. Mama wa koti la kijani alishika kichwa, akaanza kukimbia.

Mama Arlene aliinuka na jibini lake.

"Ninyi malizeni mkutano wenu. Mimi naondoka na huyu."

"Mama, hujaruhusiwa!" Meya alisema.

"Nani kakuomba ruhusa, we mtoto?"

Tulimwona akipanda, koti la kijani likimvuta mkono na jibini likitangulia. Niliandika kwamba raia mmoja ameondoka kikaoni, na kwamba akidi haikuathirika.

Baada ya treni hiyo mjadala uliendelea kwa utulivu zaidi, kwa sababu haraka ilikuwa imekwisha. Hatimaye lilipita azimio la maridhiano, kura zote: tupitie Cologne kwa heshima ya Bi Ostrowski, halafu Munich kwa heshima ya Meya, halafu turudi Nuremberg kwa heshima ya Bwana Pfeiffer, ndipo twende Passau. Tulipigiana makofi. Watu wa stesheni nao walipiga.

Tulifika Wallersbruck Jumapili jioni. Bendi ilikuwa imeshakwenda nyumbani. Pale darajani palikuwa na kibao cha shaba kinachong'aa: DARAJA LA ARLENE KUBIAK.

Tulimkuta kwenye mgahawa ng'ambo ya mto, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, mama wa koti la kijani pembeni yake, wanakata jibini.

"Mama, umefanya nini?" Meya alimuuliza. Nilimwonea huruma, kusema kweli.

"Nimefanya nini? Nilikuwa natafuta choo. Wakaniambia kiko ng'ambo. Nikavuka, wakaanza kunipigia tarumbeta."

Tuliporudi Elderkamp, Meya aliitisha kikao cha baraza zima, safari hii kwa tangazo la siku nzima. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Alitoa hoja kwamba tuwaandikie Wallersbruck wabadilishe jina, kwa kuwa aliyevuka hakuwa mjumbe halali. Bwana Pfeiffer aliinua mkono taratibu, uso wake umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Mheshimiwa, naomba mwongozo. Huyo Arlene Kubiak si mama mkwe wako?"

Nilifungua kanuni, nikaisoma kwa sauti, pamoja na sahihi iliyo chini yake. Meya alitoka kwenye kiti, akashuka, akaenda kukaa kwenye mabenchi ya wananchi. Nafasi ilikuwa moja tu, na ilikuwa ubavuni mwa Mama Arlene. Hoja yake ikaulizwa kama ina wa kuiunga mkono. Haikumpata.

Kwenye maoni ya raia, Meya aliinua mkono.

"Duane Halvorsen, Mtaa wa Maple," alisema. Nilimpa dakika tatu. "Ndugu wananchi, ningependa ieleweke kwamba daraja lile, kwa haki na kwa utaratibu..."

Mama Arlene alimvuta mkono wa koti, kwa upole kabisa.

"Kaa chini, mwanangu. Treni imeshaondoka."

Alikaa. Nikaandika kwamba maoni ya raia yamepokelewa kwa shukrani.