Wanaoamka Bila Kuitwa

Jumatatu moja, mwaka wa tatu wa vita, Liévin aliingia kwenye depo ya Papa Jérôme mjini Kisangani kuomba kiti katika ndege ya Goma. Alichokikuta humo kilimfurahisha kuliko kiti chenyewe. Nyuma ya nyumba jenereta ilikuwa ikinguruma na kunywa mafuta, mafuta ambayo mjini yalitafutwa kwa tochi mchana, na wafanyakazi wote walikuwa wameketi, mikono mapajani, wakiitazama kompyuta.

"Munangojea nini?" aliuliza.

"Inaamuka," alijibu Victoire, mpwa wa Papa Jérôme, bila kugeuza shingo. Ni yeye peke yake aliyeijua mashine hiyo. "Dakika makumi mbili na tano. Siku mubaya, makumi ine."

Liévin alikuwa mwana wa Yanonge, mwenye shati lililopigwa pasi na ulimi uliokuwa ndio duka lake na shamba lake. Kuhusu kompyuta alijua jambo moja tu: kufungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na mashine, na kuzifutia alama ya vema ili kesho yake zisiamke tena. Kwa jambo hilo moja mji ulimwita docteur. Kwa bahati mbaya, wiki iliyopita alikuwa ametibu kompyuta ya kamanda wa askari walioushika mji, akanogewa na kazi, akafuta mpaka vitu asivyovijua jina, na mashine haijafumbua jicho tangu hapo. Kamanda alikuwa Isangi, atarudi Jumamosi. Ilibidi Ijumaa Liévin awe angani. Mto ulikuwa umefungwa na barabara ilikuwa pori lenye bunduki. Ilibaki Antonov, ile ndege ya kila Ijumaa iliyoleta chumvi na sabuni za Papa Jérôme, ambayo ilirudi Goma na abiria mmoja tu, yule ambaye Papa Jérôme amemtilia sahihi karatasi yake.

Basi akavaa uso wa mtu aliyeleta habari za msiba.

"Papa Jérôme, hii mashine haina bugonjwa. Iko na bageni."

Papa Jérôme, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, alivua miwani. "Bageni gani?"

"Weye ukiamuka asubui, nani anaamuka na weye?"

"Bibi yangu."

"Bon. Siku ingine unaamuka, unakuta bajirani kumi na mbili banaamuka na weye. Banakaa kwa meza, hakuna mwenye uliita, kila mutu anangojea chai. Utafika kazi saa ngapi?"

"Iko na bageni kumi na mbili!"

"Naogopa kusema. Pengine makumi mbili."

Hapa hatuna budi kukiri, kwa uzito wote unaostahili, kwamba Liévin alikuwa amesema kweli tupu. Ujanja ulikuwa kwingine: kazi ya dakika tano aliiombea siku tano, chakula cha mchana kila siku, na mwishoni kiti cha ndege.

"Siku tano za nini?" Papa Jérôme alishangaa.

"Papa, ukibafukuza bote mara moja, mashine itastuka. Bengine iko bakubwa. Lazima tubaongeleshe."

Wakakubaliana. Ijumaa mashine iamke upesi mbele ya watu, ndipo karatasi ya safari itiwe sahihi.

Jumanne docteur alikuja na koti jeupe aliloazima kwa muuguzi. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatoa watu nje, akabaki na Victoire wa kumfungulia mashine. Baada ya saa nzima alitoka akijipangusa jasho.

"Nimemupata wa kwanza. Kila asubui anatafuta mashine ya faksi."

"Faksi? Basoda ba jeshi balibeba tangu mwaka wa kwanza wa vita!"

"Yeye hajasikia habari."

Papa Jérôme akasikitika kidogo. Aliuliza kama anayefukuzwa hawezi kupewa kazi nyingine, na kama kati ya hao wageni hakuna Mkatoliki. Alfani, mlinzi wa lango, naye alileta shida zake: amri ya mji ilikuwa kwamba hakuna mtu kutoka bila karatasi, sasa huyu wa faksi amepita wapi? Docteur ikabidi amwandikie karatasi huyo wa faksi, na Alfani akaigonga muhuri kwa moyo mweupe.

Jumatano alifukuzwa mmoja aliyengojea simu isiyokuwepo, na mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza mwenye mashine kama ana swali. Mchana docteur alikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa wavuvi Wagenia, akaongezewa. Ila kila jioni, kabla ya kuzima, alirudisha kimya kimya alama alizozifuta asubuhi, ili ugonjwa usiishe kabla ya chakula.

Alhamisi Victoire alifunga mlango.

"Docteur, ule wa faksi ulimutoa mardi, siku ya kwanza. Leo namuona amerudia. Ni weye unamurudisha."

Liévin aliona kiti chake cha ndege kikiondoka na mtu mwingine. "Mademoiselle, unataka nini?"

"Unifundishe. Yote. Nitanyamaza."

Bei ndogo hiyo! Kwa furaha ya kuponea chupuchupu, Liévin alimfundisha mpaka jasho likakauka: namna ya kuzima wasiotakiwa, namna ya kuwarudisha wote kwa mkupuo, na namna ya kuweka barua mahali palipoandikwa Démarrage ili ifunguke yenyewe kila mashine inapoamka. Victoire aliuliza maswali machache, tena mazuri. Liévin akajisikia mwalimu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akafanya kazi bila hila. Jioni, baada ya kuwafuta wageni wote tayari kwa kesho, waliagana wakicheka.

Ijumaa watu walijipanga kama kwa ubatizo. Karatasi ya safari ya Liévin ilikuwa mezani, imekwishachapwa, imebaki sahihi. Docteur alibonyeza kitufe, akakunja mikono na kutabasamu.

Dakika tano zikapita. Kumi. Tabasamu likaanza kumchosha mashavu. Kwenye kioo picha ndogo zilikuwa zikijitokeza moja moja kwenye kona, wa faksi mbele, wa simu nyuma yake, na wengine ambao Liévin mwenyewe hakuwahi kuwaona.

"Docteur," alisema Papa Jérôme, "bamerudia bote?"

"Banaaga, Papa. Banakuja kuaga."

Mara mji mzima ukasikia Antonov ikishuka. Victoire akaja na rundo la karatasi za mizigo, kama kila Ijumaa. Papa Jérôme alizitia sahihi moja baada ya nyingine, macho yakiwa kwenye kioo, bila kusoma hata mstari.

"Na yangu, Papa!" Liévin alilia.

"Yako ikifunguka mashine. Victoire, kamata toleka, pelekea pilote ile makaratasi. Umuambie angoje kidogo."

Victoire alipanda baiskeli ya toleka na mfuko mmoja mgongoni. Liévin alibaki akifuta alama, lakini mashine iliyoelemewa haikumsikia. Robo tatu ya saa baadaye ndege ilipita juu ya bati la depo, ikielekea mashariki. Liévin alihisi moyo umemtoka ukaifuata.

Ndipo mashine ikaamka. Kabla ya mtu kugusa kitu, barua ikafunguka yenyewe. Papa Jérôme aliisoma kwa sauti.

"Tonton, miaka tatu unaniambia nitarudia Goma kusoma siku utapata mutu mwenye anajua mashine. Umemupata. Anajua yote, hata miye amenifundisha. Karatasi yangu umetia sahihi leo, iko katikati ya ile ya sabuni. Nasikia kamanda anarudia kesho, atamutafuta docteur. Umupe chumba ya nyuma, asitoke inje. Victoire."

Papa Jérôme alivua miwani. Alimpenda mtoto wa dada yake, na aliona haya kwa ile miaka mitatu. Alifuta miwani, akairudisha usoni, akamwonyesha Liévin kiti cha Victoire. Liévin alitazama lango, akamkumbuka kamanda, akaketi.

"Papa," alisema kwa unyonge, "hii barua itafunguka kila asubui. Ngoja niitoe, isikusumbue."

Papa Jérôme alimshika mkono.

"Bale bengine utoe bote. Hii uache. Hii iko na kazi."