Harufu Ndani ya Gari, na Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Jamani, nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya mama mkwe na basi zima. Ila niko hai na namshukuru Mungu, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Gari langu mnalijua. Kile kigari chekundu cha spoti, milango miwili, kimezeeka kuliko ndoa yangu. Mipira ya maji ya rejeta ilikuwa imekauka hadi ikapasuka. Wiki nzima linavuja. Sasa mimi ni fundi cherehani hapa Mabwerebwere. Nikajiambia, mpira wa rejeta una tofauti gani na mkono wa shati? Unatoa uliochakaa, unaweka mpya, unakaza. Leo asubuhi nikabadilisha wa juu na wa chini. Halikudondoka hata tone! (Nilijipiga picha. Nimeshaifuta.)

Nilipofungua buti kurudisha spana, nikaona kampira kengine, kembamba kama mrija wa soda, kamechomekwa kwenye betri. Betri ya gari hili inakaa huko nyuma. Kampira kenyewe kamechanika. Hakapitishi maji, hakapitishi mafuta. Nikakaona kama uzi unaoning'inia kwenye pindo la suruali. Nikakang'oa, nikakatupa.

Mara mke wangu akapiga simu. "Baba Neema, mpeleke mama Mikumi sasa hivi! Mama mkubwa yuko kwenye basi kutoka Mbeya, linasimama pale abiria wale. Hawajaonana miaka sita!"

Nikamfuata mama mkwe Chanzuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona gari lenyewe liko chini hivi? Hapa nimekaa au nimelala?"

Tukaondoka. Vumbi lilikuwa jingi, tukafunga vioo. Rejeta inapoa vizuri, mshale umetulia, najiona fundi kweli kweli. Tulipokaribia Ulaya (Ulaya yetu ya Kilosa, haihitaji viza), ikaingia harufu. Mayai viza!

Nikamtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni. Naye ananitazama. Wote tukageuka kuangalia barabara. Nikasema moyoni, ni mtu mzima, huenda tumbo limemsumbua. Nikaongeza sauti ya kwaya redioni. Harufu nayo ikaongezeka.

Mama mkwe akaziba pua kwa khanga. Baadaye akasema kwa upole, "Baba, ukitaka kusimama, simama tu. Hapa porini hakuna mtu."

"Mimi niko sawa, mama. Labda wewe..."

Nikajiuliza: Umemwambia nini mama mkwe wewe? Nikaona heri nijitoe mhanga. "Samahani, mama. Ni mimi. Jana nilikula maharage."

"Najua," akasema. "Simamisha gari."

Nikaenda nyuma ya kichaka, nikachuchumaa bila haja yoyote, nasikiliza ndege. (Mwanaume mzima.) Niliporudi, nikakuta kafungua milango yote miwili na amegoma kuingia mpaka hewa ibadilike. Halafu akaamuru vioo vishushwe mpaka mwisho wa safari. Vumbi likatupaka kama tumetoka kusaga unga. Sikubisha.

Mikumi tukakuta basi bado lipo. Mama mkubwa akashuka. Dada wawili wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakalia tena. Hata mimi machozi yalinilenga. Kisha mama mkubwa akaniangalia. "Na huyu mkwe wetu mbona kanyong'onyea?"

Mama mkwe ana sauti ya kwaya. "Mwacheni, maharage ya jana yamemvuruga tumbo njia nzima! Jamani huko kwenye basi, nani ana dawa ya kuharisha?"

Vioo vya basi vikafunguka. Vyote! Huyu kanirushia vidonge, yule tangawizi. Mzee mmoja akatoa kichwa, "Kijana, maharage usiku uache!" Basi zima likasema, "Pole!" kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi. Kondakta akauliza kwa wasiwasi, "Na yeye anapanda?" Halafu honi, mama mkubwa akapanda tena, na basi likaondoka kwenda Dar.

Ndipo akasogea dada mmoja mwenye ovaroli, fundi wa umeme wa magari pale kando ya barabara. Akanusa. "Kaka, hilo si tumbo. Zima gari, fungua buti."

Betri ilikuwa ya moto, ubavu umevimba.

"Usiiguse, acha ipoe. Mpira wake wa kutolea hewa uko wapi?"

"Nimeutupa."

"Umeutupa! Alteneta yako inachaji kupita kiasi, betri inachemka. Ule mpira ndio unaotoa hewa yake nje. Bila mpira inajaa ndani ya gari, na hewa hiyo inalipuka! Cheche moja tu. Mmekuja mmefunga vioo?"

"Tulivifungua njiani."

"Nani alisema mvifungue?"

Nikamwonyesha mama mkwe. Nikakaa chini pale pale.

Mama mkwe akanijia. "Kwa hiyo, baba, hukuwa wewe?"

"Sikuwa mimi, mama."

"Na ukakubali aibu yote ile kwa ajili yangu?"

Akacheka mpaka akashikilia gari asianguke. Kisha akanishika mkono, akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ile ile ya kwaya. Nikaitikia amina kwa nguvu kuliko siku zote.

Dada fundi akarekebisha chaji, akafunga betri nyingine, akapitisha mpira mpya mpaka nje chini ya buti. Tumerudi salama, gari halinuki kitu. Namshukuru fundi yule. Naishukuru zaidi pua ya mama mkwe.

Ila lile basi liliondoka kabla buti halijafunguliwa. Mkikutana na mtu yeyote aliyefika Dar nalo, nawaomba, mwambieni ilikuwa betri.