Sauti ya Kuokoa Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Baraza la mji linataka kukifunga chumba cha kusomea cha maktaba kiwe stoo ya meza mbovu. Kura ni Ijumaa. Chumba changu! Miaka tisa nimekaa kile kiti cha dirishani, jua la alasiri shavuni, kitabu wazi ukurasa uleule. Nitaandika makala ya maoni gazetini. Hoja ninazo tele. Kilichobaki ni sauti. Leo nimejaribu ya hasira. Nimewaita madiwani mchwa. Mhariri kasoma aya mbili, akasema nimemtukana mpaka msomaji. Kanirudishia karatasi kaishika kwa ncha za vidole.

Jumanne, 5 Machi
Sauti ya huzuni. Nimemsomea mke wangu akikunja nguo. Aya ya tatu akaweka shati chini, akauliza kwa upole nani kafariki. Nikamwambia ni chumba. Akanishauri niandike kama ninavyoongea. Maskini, hana habari na mambo ya uandishi. Mchana nikapitiwa na usingizi, nikaota nahutubia umati, na kila mtu ana uso wangu. Walipiga makofi sana.

Jumatano, 6 Machi
Sauti ya kitaalamu. "Kwa mujibu wa" mara kumi na moja. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, kaomba asome. Huyu gazeti limechapa makala zake mara tatu, na roho inaniuma kila nikikumbuka. Kasinzia amesimama, mkono juu ya geti. Wivu huo.
Kisha nikakumbuka kitabu cha watu. Nikamwandikia mkutubi kikaratasi: dada, samahani, nimekichelewesha tena. Kusema kweli sikisomi. Nakiazima ili nipate sababu ya kurudi. Tangu mama afariki, hapo kwenu ndipo mahali pekee ninapokaa bila kuulizwa nangoja nini. Mke wangu kapeleka. Uandishi wa ovyo kabisa, ila ni kikaratasi tu.

Alhamisi, 7 Machi
Sauti ya kinabii. Niliandika nimesimama juu ya kitanda. Nimechelewa gazetini kwa saa nne, maana mawingu yalikuwa yakipita taratibu mno na sikuwa na moyo wa kuyaacha katikati. Mhariri kasema ukurasa umeshafungwa.

Ijumaa, 8 Machi
Chumba kimepona! Mkutubi kasimama kikaoni, kaniangalia kama anayeomba ruhusa, kisha kakisoma kikaratasi changu chote. Mwenyekiti kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaivua tena. Mwalimu mstaafu kanishika mkono, akasema hajawahi kusikia hoja nzito namna ile. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Mbele ya baraza zima, bila "kwa mujibu wa" hata moja! Watu watanifikiriaje?

Jumamosi, 9 Machi
Karani wa baraza kanipa matumaini. Uamuzi utathibitishwa Jumatatu, na hadi hapo bado wanapokea maoni ya wananchi. Nimewaandikia barua kwamba kikaratasi kile hakina uzito wowote, kiliandikwa bila utafiti, na baraza makini lisikitegemee hata kidogo. Kurasa kumi na nne. Mke wangu kaomba aione kwanza, nikamwambia avute subira. Nimeipeleka mwenyewe, karani kaigonga muhuri. Safari hii sauti nimeipata.